Koti la Mnyamwezi na Uzio wa Picha

Wanjiru na Hamisi,

Nimestaafu. Nina miaka thelathini na mbili, magoti mazima, meno yote, na nimestaafu. Hamisi, ukicheka nakuona hapohapo ulipo. Barua iliyotoka ofisini imetumia neno jingine, lakini ile kaiandika Fiona, na hii naiandika mimi.

Nawaandikia kwa sababu msimu ujao ngazi ni yenu. Mimi ni wa darasa la saba, shule ya msingi huko Kisarawe, kwa hiyo ukikuta nukta haipo, weka yako. Mshahara siandiki, mnaujua, na haukui kwa kuandikwa. Wala sitaandika nilipandaje cheo, maana kitu pekee nilichopanda miaka tisa ni ngazi.

Nilianza nikiwa na ishirini na tatu. Nilikuja London kumfuata mke wangu, yeye nesi, mimi sina kazi, nashinda Edmonton naangalia mvua kwenye dirisha. Siku moja tulikwenda harusini Ilford. Nikiwa kwenye foleni ya pilau nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Wewe ni Mzaramo. Hakuna kabila lingine linashika sahani mbili."

Nikageuka. Mzee mfupi, koti la sufu la kijani kibichi, ndani ya ukumbi wenye joto la oveni. Nikamwambia, "Na wewe ni Mnyamwezi. Umevaa nguo zote kwa sababu huna kabati."

Ndivyo nilivyopata kazi. Alinijibu, "Kuna kibarua cha kushika ngazi. Kufikiri hakuhitajiki, ndiyo maana nimekuita wewe." Alikuwa Mzee Mihayo, wa Urambo, Tabora, fundi wa kufunga picha.

Wanjiru, wewe wa Nyeri, nikueleze. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Yeye anaweza kuniita mwizi mbele ya mkwe wangu na mimi siruhusiwi kununa. Mimi naweza kuingia jikoni kwake nikafunua sufuria. Na mmoja akifa, mwenzake ana kazi yake msibani. Hiyo nitaifikia, na ndiyo iliyonistaafisha.

Siku ya kwanza nilishika ngazi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tamasha mnalijua lilivyo: watu wanaopiga picha mitaani, mtu anavuka barabara, bibi anagombana na njiwa, mbwa kavaa miwani. Picha zinachapwa kwenye turubai kubwa kama mlango wa gereji, na sisi tunazifunga kwenye uzio wa chuma kuzunguka ile bustani karibu na mto. Siku ile tulifunga kumi na moja na mimi sikuona hata moja, maana Mzee Mihayo alinikataza kutazama. "Ukitazama picha utaachia ngazi. Ukiachia ngazi nitakufa. Nikifa utakula pilau yangu, na hicho ndicho unachokitaka." Kila akifunga kona moja anaivuta, halafu anasema, "Vuta tena." Anavuta mara tatu. Nilidhani ni uzee. Upepo wa siku ya pili ulichukua mabango yote ya barabara ile, ya kwetu yakabaki.

Sasa vifaa. Ngazi ina mguu mmoja mfupi, ule wa kushoto nyuma. Msiombe nyingine, hawatawapa, kunjeni kipeperushi cha tamasha mara nne muweke chini, ndiyo kazi pekee ya maana ambayo vile vipeperushi vinafanya. Kebo tai za plastiki za kufungia turubai chukueni nyeusi. Nyeupe zinakauka na kukatika, hata kwa hili jua la hapa la wiki mbili. Pima maji liko sawa, lakini macho ya Fiona hayako sawa, kwa hiyo akisema picha imeinama mwonyesheni pima maji kisha mnyooshe vile anavyotaka yeye.

Koleo la kukatia ni jipya. Lile la zamani lilikuwa la Mzee Mihayo, dogo, mpini mwekundu, alilinunua mwaka aliofika nchi hii. Likapotea mwaka wangu wa nne, na siku hiyohiyo akatangaza kwamba Wazaramo wamelila. Aliwaambia wafanyakazi wote. Alimwambia dereva wa basi. Alimwambia mke wangu, mbele yangu, kwamba ameolewa na mwizi wa koleo. Miaka minne mtu ananikagua mifuko kila jioni.

Kesi ngumu? Ipo ile ya dimbwi. Kuna jamaa alipiga picha ya dimbwi la maji, ndani yake majengo na mtu mwenye mwavuli. Tukaifunga, mimi naona ipo sawa, Mzee anaona ipo sawa. Siku ya kuishusha ndipo tukaona mshale nyuma ya turubai: juu ilikuwa chini. Wiki mbili. Na aliyeipiga alikuja, akasimama mbele yake na rafiki zake, akatushika mikono na kusema imefungwa vizuri sana. Tulipofika kituoni Mzee Mihayo akaniambia, "Mzaramo, hawa watu wanatazama, ila hawaangalii."

Kulikuwa na mazoea yake ambayo ofisini hawakuyajua. Tukimaliza kufunga, alikuwa anazipitia picha moja moja, polepole, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akitambua sehemu, basi Jumapili yake imekwisha. Anapanda treni kwenda kumtafuta aliyepigwa. Kuna muuza bamia wa Ilford alipigwa akipiga miayo. Mzee akaenda mpaka kwenye meza yake akamwambia, "Ndugu, uko kwenye uzio mjini, mkubwa kuliko gari." Yule baba hakujua kabisa. Akaleta mke, watoto na mama mkwe, wakapiga picha mbele ya picha. Nilimuuliza Mzee kwa nini anajisumbua. Akasema, "Mpiga picha jina lake lipo kwenye kibao. Huyu wa kupiga miayo hana hata habari. Mtu mmoja lazima amwambie."

Alikufa mwaka jana, mwanzo wa kiangazi. Moyo, nyumbani, amekaa kwenye kiti. Mwili ulisubiri wiki mbili karatasi za kusafirishwa Tabora, na msiba ukakaa kwake Edmonton, kwenye kile kiua cha mbele chenye ukuta unaofika kiunoni. Viti vya plastiki vya kanisani, akina mama wa Kikenya kwenye chai, mchungaji kila jioni. Mama Neema, mkewe, alikaa pale siku tatu hali, haongei. Ukimpa maji anashika kikombe tu.

Siku ya nne mchana nikaona hapana. Nikamwomba binti yao koti la baba yake. Neema kazaliwa hapa, anaelewa Kiswahili ila anajibu kwa Kiingereza, akaniuliza nalitakia nini. Nikamwambia nakwenda kazini.

Nikalivaa, lilikuwa zito kama mtoto wa miaka miwili, mifuko yote imejaa kebo tai. Nikatoa ngazi bandani, nikaivuta ua mzima nikichechemea kama yeye, nikaanza kuwafunga waombolezaji. Mchungaji nikamwekea pima maji mabegani. "Wewe umeinamia upande wa sadaka. Vuta tena." Dada yake Mama Neema nikasema ashushwe, ameshapauka na jua. Watu wakaanza kuguna, wengine wanaficha nyuso. Halafu nikaenda kwenye sufuria la pilau, nikakaa juu ya kifuniko.

"Hapa hali mtu," nikasema kwa sauti ya Mzee. "Mtani ameshika sufuria. Mkitaka kulikomboa, mke wangu ale kwanza."

Kifuniko kilikuwa cha moto. Nilivumilia kadiri mtu anavyoweza, kisha nikaruka, koti limepepea, ngazi imeniangukia. Mama Neema akacheka. Alicheka kichwa nyuma, mkono kifuani, machozi yanatiririka, na akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema, "Mpeni huyo mpuuzi maji, na mimi nipeni sahani." Akala.

Nakumbuka kulikuwa na kijana nje ya ukuta mwenye kamera. Alininyooshea kidole gumba, nami nikamnyooshea changu. Nilidhani ni wa kuleta vifurushi.

Mwaka huu, wiki ya kufunga picha, simu yangu ikalia asubuhi. Mama Neema. Sauti ya mtu ambaye hajala siku tatu.

"Mzaramo, mmeniweka wapi?"

"Kukuweka wapi vipi, Mama?"

"Shemeji amepiga kutoka Urambo. Kuna mtoto wa huko ameona picha kwenye simu, kwenye ukurasa wa tamasha lenu. Mimi nacheka, na chini imeandikwa sherehe. Amesema mwili wa kaka yao uko kwenye friji, mimi nafanya sherehe. Amesema mwezi ujao kwenye kumaliza msiba nisikanyage."

"Umemwambia ulikuwa msiba?"

"Nimemwambia mpaka nimekauka. Ameniuliza, kama ni msiba, mbona waliokuwepo wameandika sherehe? Imeandikwa, Mzaramo. Mimi nitashindana na kilichoandikwa?"

Mchana wake wewe Wanjiru tukafungua turubai namba kumi na saba, na ukasema, "Kwani huyu si ni wewe? Hata masikio ni yako." Ndiyo, nilikuwa mimi, kwa mgongo. Koti, ngazi, na nyuma yangu Mama Neema kafungua kinywa mpaka jino la mwisho. Na kibao, kigumu, kimechapwa vizuri: "Sherehe ya Kiangazi, Edmonton." Chini yake jina la mpiga picha, Toby.

Nikaenda kwa Fiona. Fiona si mtu mbaya, ni meneja. Alisikiliza, akaweka mkono shavuni, akasema pole mara nne. Kisha akasema vibao vimeshachapwa, vipeperushi vimeshatoka, na jina la picha ni haki ya msanii. Akampigia Toby nikiwa nimesimama pale, akaweka simu mezani nisikie. Toby alisema yeye aliona furaha, na furaha ni furaha, na kila mtu ataona lake.

"Mwambie mimi nilikuwa ndani ya koti," nikasema. "Mimi niliona jeneza."

Fiona akasema tutalizungumza vizuri baada ya tamasha. Tamasha lilikuwa linakwisha baada ya wiki tatu. Kumaliza msiba kulikuwa mwezi ujao na tiketi bado hazijakatwa.

Sasa sikilizeni, maana ofisini mtaambiwa kwamba nilipandwa na hasira. Sikupandwa na kitu. Jumamosi ya ufunguzi niliamka, nikaoga, nikanywa chai, nikavaa koti la Mzee ambalo Neema alikuwa ameniachia toka msibani. Nikafika kabla ya watu, nikakata kebo tai kumi na mbili, nikaigeuza namba kumi na saba uso uelekee uzio, nikafunga upya, nikavuta mara tatu. Mgongo wa turubai ni mweupe. Kati ya picha arobaini, moja nyeupe tupu, na mimi nimekaa chini yake juu ya ngazi. Kibao nikakitia mfukoni.

Fiona alikuja na kikombe chake cha kahawa. "Shomari, hiyo iko kinyume."

"Najua."

"Igeuze, tafadhali."

"Imeshikwa. Mimi ni mtani wa marehemu, nimeishika. Mnaikomboa kwa kibao cha kweli."

Akaniuliza kama naelewa kwamba kuharibu kazi ya msanii ni kufukuzwa. Nikamwambia haijaharibika hata uzi, imegeuka tu, na ile ya dimbwi ilikaa kichwa chini wiki mbili na mkanisifu. Hiyo hakuwa anaijua. Nilimwona anahesabu nyuma, anatafuta ni mwaka gani.

Watu wakaanza kuja. Na wanaokuja tamasha la picha za mtaani wanakuja na nini? Na kamera. Wakaona jamaa mweusi, koti la sufu kwenye jua la Julai, amekaa juu ya ngazi chini ya turubai jeupe. Wakajaa. Sikuwahi kupigwa picha nyingi namna ile hata siku ya harusi yangu. Mmoja akaniomba nitazame pembeni kwa huzuni. Nikamuuliza jina lake, yeye hakuniuliza langu.

Toby naye akaja. Kijana mwembamba, mpole, akapiga picha mbili kabla hajatambua ni yake. Akashusha kamera.

"Picha hiyo ni yangu," akasema.

"Msiba ni wa Mzee Mihayo," nikamwambia. "Picha ndiyo yako."

Sijui tungefika wapi. Nilikuwa nimejipanga kukaa pale mpaka jioni, mkate ninao mfukoni. Ila Wanjiru, wewe ndiye ulimpigia simu Mama Neema, nimejua baadaye, na nimekusamehe. Akaja kwa treni na basi, kavaa vizuri, Neema kamshika mkono. Akasimama mbele ya turubai jeupe.

"Iko wapi?"

"Nimeificha, Mama. Hakuna atakayekuona."

"Nani amekwambia uifiche?"

Nikashuka kwenye ngazi.

"Geuza," akasema. "Mimi sikusema waitoe. Siku ile nilicheka, sikuiba. Nilitaka waseme nilikuwa nacheka wapi."

Nikageuza. Kebo tai kumi na mbili, watu wote wanatazama, Wanjiru umeshika ngazi. Mama Neema aliiangalia muda mrefu. Halafu akamuuliza Toby, kwa Kiingereza chake cha kazini kwenye nyumba za wazee, kilichonyooka kuliko changu, kama anajua pale alikuwa ametimiza siku ngapi bila kula. Akamweleza sufuria. Akamweleza mtani ni nani. Akamwonyesha kiti cha plastiki kilicho tupu pale pembeni ya picha, na kusema hicho tulimwachia yeye Mzee.

Toby alikwenda karibu akakiangalia kile kiti, kama hajawahi kukiona. "Sikuuliza," akasema.

"Ulikuwa nje ya ukuta," Mama Neema akamwambia. "Mlango ulikuwa wazi. Chai ilikuwepo."

Toby akaomba kalamu. Fiona ndiye alimpa, hilo nalisema, haki yake apewe. Akageuza kibao nilichomtolea mfukoni, akaandika kwa mkono wake, mara mbili, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili nikimtajia herufi: Msiba wa Mzee Mihayo, Edmonton. Mjane wake anacheka. Aliyevaa koti ni mtani.

Mama Neema akakipiga picha kibao, akakituma. Simu ilirudi kabla hatujamaliza kukifunga. Shemeji, uso mzima kwenye kioo, anasoma midomo ikitembea.

"Mtani wa wapi huyo?"

"Mzaramo," Mama Neema akasema. "Huyu hapa."

Nikaweka uso wangu. Akanitazama. "Wewe ndiye mwenye koti la kaka yangu?"

"Ndiyo mimi."

"Umelipata wapi?"

"Nimerithi. Nyinyi mlikuwa mbali."

Nyuma yake nasikia kuku na watu wanabishana. Kisha akasema, "Shemeji, njoo. Njoo na huyo mwizi, na koti alirudishe hapa kaburini. Asipolileta, tutamvua na suruali." Mama Neema akacheka, kichwa nyuma, mkono kifuani. Kamera zote zikainuka. Toby peke yake hakuinua ya kwake. Akamsogelea akamuuliza kwanza, na Mama Neema akasema piga.

Jumatatu barua ya Fiona ikaja. Imeandikwa vizuri, inanishukuru mara mbili. Sikwenda kuomba. Hamisi ulisema niombe, mke wangu alisema niombe, mchungaji ambaye hata si wa dini yangu alisema niombe. Niombe nini? Ningerudishiwa ile Jumamosi ningeigeuza tena, na safari hii ningechukua mto wa kukalia.

Basi ngazi ni yenu. Fungeni, vuteni mara tatu. Mkimaliza, pitieni picha moja moja, na mkitambua sehemu, nendeni mkamwambie mtu. Ofisini msiulize kama inaruhusiwa.

La mwisho ni la koti. Nililipeleka. Nilitoa mifukoni kebo tai zote nyumbani, na uwanja wa ndege nikaliweka kwenye trei. Mashine ikalia. Dada wa ukaguzi akalitoa, akalibonyeza, akatia mkono kwenye mfuko wa ndani uliotoboka, akaingiza mpaka kwenye kiwiko, chini kabisa kwenye bitana. Akatoa koleo. Dogo, mpini mwekundu.

Mama Neema alikaa chini palepale sakafuni, pembeni ya viatu vya watu, anacheka hana sauti. Mimi nilimwomba yule dada anisikilize, nikamwambia hicho kitu kimenitukanisha miaka minne. Akasema hakiingii kwenye ndege hata hivyo. Nikamruhusu akichukue, ila kwanza nikakipiga picha, na kwanza nikamuuliza kama naweza.

Urambo tulifika siku ya tatu. Nikavua koti nikaliweka juu ya kaburi, mbele ya ukoo mzima wa Wanyamwezi, nikafungua ile picha ya koleo kwenye simu nikaielekeza chini ili aone vizuri. Nikamwambia, "Mnyamwezi, koleo lako hili hapa. Lilikuwa kwenye koti lako. Niombe radhi."

Nikasubiri. Watu wote wakasubiri na mimi. Hakujibu, na kwa miaka yote niliyomjua, ndiyo mara ya kwanza nimemshinda.